Si Kuboronga, ni Sarufi ya Kale

Mwanafunzi mmoja wa sekondari kutoka Ngao, kule Tana Delta, aliniuliza kwa nini kitabu chake cha marudio kinasema kwamba mshairi aandikapo "nisimeme" badala ya "nimesimama" huwa "ameboronga sarufi". Katika jaribio, yeye alikuwa ameliita hilo "umbo la kale", akanyimwa alama. Naona hakutendewa haki.

Nisimeme, nilele, niwene na nipete hayakubuniwa ili kukamilisha mizani. Ni mazao ya kiishio cha kale -ile, kilichoonyesha jambo lililokwisha kutendeka. Wazulu wanacho hadi leo, na wasemaji wa Chimwini cha Barawa, Somalia, vilevile. Mwana Kupona alipoutunga utendi wake mwaka 1858, alitumia sarufi ya lahaja za kaskazini kama alivyoirithi. Kiunguja, kilichoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuwa kimeshika -me-. Ajabu ni kwamba hata -me- yenyewe, kwa maoni ya wanaisimu wengi, ni mabaki ya "-mele", yaani kitenzi cha kale "-mala" (maliza) kilichovishwa -ile hiyo hiyo!

Shtaka la pili ni kutanguliza kitenzi mbele ya kiima. Hapa pia tusiharakishe kuhukumu. Twasema "barua aliyoiandika mwalimu", wala aghalabu hatusemi "barua mwalimu aliyoiandika". Twasema "imenyesha mvua" tunapoleta habari, na wahenga walinena: penye wazee haliharibiki neno. Huko si kuipindua lugha. Ndio utaratibu wake.

Wafaransa nao huandika riwaya kwa umbo la wakati uliopita lisilosikika tena katika mazungumzo yao ya kila siku, na katika maandishi rasmi neno lenye maana ya "huenda" likitangulia, kitenzi hukitangulia kiima. Shuleni hayo hufundishwa kuwa ni lugha, si makosa.

Sikatai kwamba washairi hufupisha na kurefusha maneno kwa ajili ya vina na mizani. Lakini watunzi wa vitabu na watahini wana wajibu wa kupambanua hila ya mshairi na sarufi ya lahaja. Watoto wa Ngao, ambako Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili na Lamu si mbali, wasifunzwe kwamba ufasaha wa jirani zao ni uharibifu. Palipoandikwa "kuboronga" na paandikwe "umbo la kale"; kisha mwalimu aeleze limetoka wapi.