Unominishaji wa Vitenzi katika Kijapani: Tofauti ya Koto na No kwa Mtazamo wa Kiswahili

Makala hii inafafanua namna vitenzi vya Kijapani vinavyogeuzwa kuwa nomino. Mkazo umewekwa kwenye koto na no, vinominishi viwili ambavyo mzungumzaji wa Kiswahili huelekea kuvifasiri vyote kwa kiambishi kimoja, ku-.

Unominishaji huu hutokea katika viwango viwili. Cha kwanza ni kiwango cha neno. Shina la kitenzi huweza kusimama kama nomino: oyogu (ogelea) huzaa oyogi (uogeleaji), na yasumu (pumzika) huzaa yasumi (mapumziko). Njia hii haihusu vitenzi vyote. Taberu (-la) haina nomino *tabe, ingawa shina hilo limo katika tabemono (chakula). Kiambishi -kata hutumika kwa upana zaidi, kama katika yomikata (namna ya kusoma). Yambwa hapa hugeuka kuwa kijalizo chenye no ya umilikishi, kanji no yomikata, kama Kiswahili kisemavyo usomaji wa vitabu.

Kiwango cha pili ni cha kishazi. Katika hon o yomu koto (kusoma kitabu), yambwa hubaki na alama yake o. Kwa hiyo kinachonominishwa ni kishazi kizima. Kinominishi no, ambacho ni tofauti na no ya umilikishi, huweza kushika nafasi ya koto, ila maana hubadilika:

(1) Hanako ga utau no o kiita.
Nilimsikia Hanako akiimba.

(2) Hanako ga utau koto o kiita.
Nilisikia kwamba Hanako huimba.

Kuno (1973) anaeleza kuwa no huashiria tukio linalotambuliwa moja kwa moja na hisi, na koto huashiria dhana. Maelezo hayo yanatosheleza mifano (1) na (2). Hata hivyo, vitenzi matsu (ngoja) na tetsudau (saidia) navyo huchagua no, ilhali si vitenzi vya hisi. Vinachoshirikiana na kiita katika (1) ni kulenga tukio lenyewe, si habari wala dhana yake.

Tofauti hii si ngeni kwa Kiswahili, lakini haimo katika ku-. Imo katika uteuzi wa -ki- na kwamba. Ulinganifu huo una mipaka: oyogu koto ga dekiru (kuweza kuogelea) hulazimu koto, na tafsiri yake hubaki ku-. Hivyo, anayefundisha Kijapani kwa Kiswahili aanze na aina ya kitenzi kikuu, si na tafsiri ya kinominishi.