Kofia ya Mawimbi Haijui Hasira Yako

Swali ni lilelile: kipimo cha mawimbi ya ubongo, EEG, kikifika Kilosa au Mikumi, mkoani Morogoro, si kitatuonyesha nani ana hasira na nani "ana mawazo"? Hapana. Wala hakipimi mapepo. Kinanasa umeme hafifu juu ya ngozi ya kichwa, sehemu za milioni za volti, na hasira haina wimbi lake peke yake. Mjerumani Hans Berger, aliyeyanasa mawimbi ya binadamu mwaka 1924, alivutwa na ndoto ya fikra kusafiri kutoka kichwa hadi kichwa. Hakuipata, na matokeo yake aliyashikilia miaka 5 kabla ya kuyachapisha. Wauza kofia za EEG wa leo wamerithi ndoto, subira wameiacha.

Watasema kompyuta inayosoma mawimbi hayo hupatia kwa asilimia kubwa. Inapatia nini? Katika DEAP, mkusanyo maarufu wa vipimo uliotolewa mwaka 2012, watu 32 walitazama vipande 40 vya video za muziki, kisha wakaeleza wenyewe walivyojisikia. Kwa hiyo "jibu sahihi" linalofundishwa kompyuta ni kauli ya mhusika. Huko ni kutoka Kilosa kwenda Mikumi kwa kupitia Dodoma! Ipe kompyuta kichwa kigeni, usahihi unaporomoka. Nadharia iliyopendwa ilidai furaha huegemea upande wa kushoto wa paji na huzuni kulia. Ikaja kuonekana kwamba hasira nayo huegemea kushoto. Anayetaka kukukumbatia na anayetaka kukupiga wanafanana. Ongeza jasho la mchana wa Kilosa linaloyumbisha mistari, nywele zilizosukwa zinazozuia vinasio kugusa ngozi, na taya lililokazwa, ambalo umeme wa misuli yake huzidi ule wa ubongo. Eti mtu anaweza kuficha hisia akiulizwa? Kweli, na waliofundisha kompyuta nao waliulizwa.

EEG ina kazi yake: kifafa. Hata hapo, kipimo safi hakithibitishi kwamba mtu hana ugonjwa. Mahenge, mkoa huuhuu wa Morogoro, Dkt. Louise Jilek-Aall alitibu kifafa miaka ya 1960 kwa maelezo ya ndugu na vidonge vya fenobabito. Basi: aliyeona mgonjwa akianguka aandamane naye kliniki, video ya simu ikiwepo iletwe, dawa zisikatizwe ghafla. Na kwa mwenye mawazo, yapo maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Usingizi, hamu ya kula, kutamani kufa. Aulizwe faraghani, mama mkwe akiwa nje.