Kwa nini wapiga picha wanaziacha kamera zenye kioo

HARUSI haina marudio. Bwana harusi akishamvisha mwenzake pete, hakuna awezaye kuwaomba warudie kwa kuwa betri iliisha au picha ilitoka na giza.

Ndiyo maana mpiga picha anayeitegemea kazi hiyo kwa riziki hununua kamera kama seremala anunuavyo msumeno. Hutafuta chombo ambacho hakitamwaibisha mbele ya mteja.

Katika miaka ya karibuni, hitaji hilo limewafanya wapiga picha wengi, humu nchini na ng'ambo, kuziweka kando kamera walizozizoea na kununua za aina mpya, zisizo na kioo ndani yake.

Kamera yenye kioo, ijulikanayo kwa kifupi kama DSLR, hufanya kazi hivi. Mwanga hupita kwenye lenzi, hugonga kioo kilichoinamishwa ndani, kisha huelekezwa juu hadi kwenye kidirisha anachochungulia mpiga picha.

Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, shata hufunguka na mwanga hufika kwenye kitambuzi, kile kipande kilichochukua nafasi ya filamu. Mlio unaosikika wakati huo hutokana na kioo na shata.

Kamera isiyo na kioo imeiondoa hatua hiyo. Mwanga hufika kwenye kitambuzi moja kwa moja, na kidirishani mna skrini ndogo inayoonyesha jinsi picha itakavyotoka. Kama ina giza, mpiga picha huliona giza hilo kabla hajabonyeza.

Mabadiliko haya hayakuja kwa siku moja. Mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, lakini kampuni hiyo iliendelea kuitegemea filamu. Mnamo Januari 2012, Kodak ililazimika kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Nikon ilileta kamera ya D1 mwaka 1999, ikiwa na megapikseli 2.7 pekee, na vyumba vya habari vikaanza kuiaga filamu. Mwaka 2003, Canon ilitoa EOS 300D ambayo iliuzwa Marekani kwa bei ya chini ya dola 1,000, na wapiga picha wa kipato cha kadiri wakaingia uwanjani.

Panasonic ilifungua njia ya kamera zisizo na kioo mwaka 2008 kwa Lumix G1. Sony ilifuata mwaka 2013 na A7, yenye kitambuzi cha milimita 36 kwa 24, ukubwa ule ule wa picha ya filamu ya kawaida. Canon na Nikon zilijiunga na mkondo huo kwa dhati mwaka 2018.

Mwaka 2020, shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba wapiga picha wake kote duniani wangepewa vifaa vya Sony. Hatua hiyo iliwaonyesha waliokuwa wakisitasita mahali upepo ulikokuwa ukivuma.

KIMYA NA MACHO

Wanaonunua kamera hizi hutaja sababu mbili kuu. Ya kwanza ni uwezo wake wa kulitambua jicho la mtu na kuliandama hata anapotembea. Bibi harusi akija taratibu kati ya viti vya kanisa, kamera humfuata yenyewe, na mpiga picha hubaki na kazi ya kuchagua wakati wa kubonyeza.

Ya pili ni kimya. Kamera isiyo na kioo yaweza kupiga picha bila mlio wowote, jambo lenye manufaa makubwa wakati wa ibada, mazishi au kikao cha mahakama.

Hata hivyo, kimya hicho kina gharama yake. Kamera nyingi husoma kitambuzi mstari baada ya mstari, hivyo kitu kiendacho kasi huweza kuonekana kimepinda, na baadhi ya taa za ukumbini huacha michirizi pichani. Sony ilitangaza kamera ya A9 III mwaka 2023 ikiwa na kitambuzi kinachosomwa chote kwa mara moja, lakini bei yake iko mbali na mifuko ya wengi.

Kasoro nyingine ni betri, kwani skrini na kitambuzi hutumia umeme muda wote kamera inapowashwa. Kwa vipimo rasmi, Nikon D850 yenye kioo hupiga picha 1,840 kwa betri moja iliyojazwa. Nikon Z7 isiyo na kioo ilipewa kipimo cha picha 330.

Kazini idadi hizo huweza kuongezeka, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Kwa anayefanya kazi kijijini ambako umeme hupotea bila taarifa, bei ya kamera mpya sharti ijumuishe betri mbili au tatu za akiba.

LENZI KWANZA

Wenye uzoefu huwashauri wageni wa kazi hii watumie fedha nyingi zaidi kwa lenzi kuliko kwa kamera yenyewe. Kamera huzeeka baada ya miaka michache, ilhali lenzi iliyotunzwa hudumu miongo.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera ya bei nafuu huwa na tundu dogo la kupitisha mwanga, aghalabu f/5.6 inapovuta mbali. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Katika ukumbi wenye taa hafifu, tofauti hiyo huamua kama kutakuwa na picha au la.

Megapikseli nazo huwapotosha wanunuzi wengi. Picha ya megapikseli 24 yaweza kuchapishwa kwa ubora wa hali ya juu hadi inchi 20 kwa 13. Mteja anayetaka albamu hahitaji zaidi ya hapo, na aliyelipia megapikseli nyingi zaidi atalazimika pia kununua kadi kubwa na kompyuta yenye nguvu.

Jambo ambalo mpiga picha wa harusi hapaswi kulihatarisha ni nafasi mbili za kadi. Kamera huhifadhi kila picha katika kadi zote mbili, ili moja ikiharibika, kumbukumbu za familia zibaki salama katika nyingine.

Lenzi ndizo pia huwafunga wapiga picha kwa kampuni moja. Anayemiliki lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, aweza kuzitumia kwenye kamera mpya za Canon kwa kuunganisha adapta. Nikon nayo ina adapta iitwayo FTZ, lakini haina mota ndani, hivyo lenzi za kale zilizotegemea mota ya kamera hulazimika kulengwa kwa mkono.

MITUMBA NA MITEGO YAKE

Wimbi hili limeleta neema kwa wasio na uwezo. Wanaohamia kamera mpya huuza za zamani, na kamera yenye kioo iliyokuwa ndoto miaka michache iliyopita sasa hupatikana kwa bei nafuu.

Lakini wahenga walisema rahisi ni ghali. Shata huwa na umri wake: kamera za kadiri hukadiriwa kupiga picha kati ya 100,000 na 200,000 kabla ya kuchoka. Mnunuzi hana budi kuuliza idadi iliyokwisha kupigwa, kupiga picha kadhaa za ukuta mweupe ili kusaka madoa, na kumulika tochi ndani ya lenzi.

Tochi hiyo hufichua ukungu, adui mkubwa wa vifaa vya Pwani. Hewa ya Mombasa na Lamu ina unyevu mwingi, na lenzi iliyofungiwa mkobani kwa miezi huota nyuzi nyembamba zinazoweza kukila kioo chake. Dawa ni kuihifadhi ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika jeli, na kuitumia mara kwa mara.

Kwa wanaopiga picha za wanyama Maasai Mara, adui ni vumbi. Kamera nyingi zisizo na kioo huacha kitambuzi wazi lenzi inapobadilishwa, hivyo wengi hubeba kamera mbili, kila moja na lenzi yake, ili wasibadilishe chochote garini.

Nyuma ya hesabu hizi zote kuna simu ya mkononi. Chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kilirekodi zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali zilizosafirishwa mwaka 2010. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni nane. Mpiga picha aliyekuwa akiwangoja wageni kando ya pembe za ndovu za Mombasa sasa hushindana na simu zilizo mifukoni mwa wageni hao hao, na kamera anayoinunua sharti ifanye kile ambacho simu haiwezi.

Hata hivyo, kuna hatari ya kununua bila kikomo, hasa kwa mkopo. Mchagua jembe si mkulima. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alipoteza mkono katika mlipuko jijini Addis Ababa mwaka 1991, akarejea kazini na mkono wa bandia, na kuendelea hadi alipofariki katika mkasa wa ndege mwaka 1996. Picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 zilipigwa kwa vifaa ambavyo leo vingeonekana duni, lakini ziliuamsha ulimwengu.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani ni kazi ipi inayomshinda mpiga picha kwa kamera aliyonayo. Asiyeweza kulijibu hana haja ya kutoa pesa bado.