Mtoto na Chakula cha Wenziwe

Baba mwenye watoto na mama mwenye jiko, makala haya ni yenu kwanza. Watoto wetu wa zama hizi wasikia habari za mataifa mengi redioni na katika simu, na aghalabu wayasikiayo ni ya vita na ya mpira. Lakini mtoto huyo huyo akimwona mgeni anakula kitu asichokizoea yeye, kwanza hukunja pua, kisha humtafutia jina la kejeli. Hapa Ihanja Wanyaturu wenyeji wakaa pamoja na Wasukuma na wengineo walioletwa na kilimo na biashara, na watoto wao huketi jamvi moja chuoni. Huyu humcheka mwenziwe kwa mlenda, yule humrudishia kwa dagaa. Wazazi wengi huona ni mchezo. Mimi sioni hivyo, maana mtoto aliyezoea kukidharau chungu cha jirani hachelewi kumdharau jirani mwenyewe.

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ielezayo ya kuwa Mwenyezi Mungu ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, twaisoma sana mikutanoni. Wachache wetu hukumbuka kuwa aya mbili tu kabla yake, katika aya ya 11, watu wamekatazwa kuwacheka watu wengine na kuitana kwa majina mabaya. Mpango huo una maana yake. Kujuana hakuingii mahali palipokwisha kukaliwa na kejeli.

Basi tuanze jikoni, ambako hakuna haja ya kununua kitu. Sisi watu wa Singida twajivunia alizeti, na mafuta yake yauzwa kando ya barabara kuu kana kwamba zao hili lilizaliwa papa hapa. Sivyo. Waliolilima kwanza ni wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, maelfu ya miaka iliyopita. Wazungu walilichukua katika karne ya 16 wakalipanda kuwa ua la bustani. Na katika karne ya 19 Warusi ndio waliolikamua mafuta kwa wingi. Mahindi nayo yana jina la kutudanganya, kwani jina lataja Uhindi, na asili yake ni Meksiko. Muhogo na karanga ni vya Amerika ya Kusini, vikavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ama kitunguu chetu, ambacho walanguzi hukifuata kwa malori, kimetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 61, pale Bani Israil walipomtaka Nabii Musa awaombee kwa Mola wake vyakula vya ardhini.

Na uwele? Huo ni wa Afrika hasa. Ulianza kulimwa kandokando ya Sahara, pande za Mali, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Na mtama ulianzia pande za Sudan. Mtoto akiambiwa haya huku mkono wake u katika ugali, hasahau. Mwulize kisha ni nani waliomlisha leo, utamsikia akihesabu watu wa mabara matatu kabla hajanawa.

Hapo mtoto mwerevu atauliza: Je, nile kila kilichopo duniani? La. Nguruwe na pombe ni haramu, wala kumtukana anayevitumia hakutuongezei thawabu. Lakini kuna vitu ambavyo si haramu, ila nafsi haikuvizoea. Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume (s.a.w.) hakukitia chakula ila kamwe, akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Imepokewa pia kuwa aliandaliwa nyama ya mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akaondoa mkono wake, akaeleza kuwa mnyama yule hapatikani katika nchi ya watu wake. Na Khalid bin Walid akaivuta akaila mbele yake, wala hakukatazwa. Nijuavyo mimi hakuna somo la adabu za mezani lililo fupi kuliko hilo.

Katika vitabu, habari za Ibn Battuta zafaa sana. Mwaka 1331 alipita pwani yetu, Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na maembe, naye akaeleza kila kitu kwa heshima. Lakini miaka kama ishirini baadaye, huko Mali, alipoambiwa kuwa zawadi ya Sultani imefika, alitazamia mavazi na fedha. Akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka! Wasomee watoto yote mawili, uwaulize nani alikosa, mgeni au mwenyeji. Usiwape jibu upesi. Wangu walibishana hata adhana ya Magharibi.

Wala mtoto asidhani kuwa waandishi wa safari ni wengine tu. Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alikwenda Urusi mpaka Siberia mwaka 1896, akaisimulia safari yake kwa Kiswahili. Habari zake zilipigwa chapa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1901, katika kitabu Safari za Wasuaheli kilichokusanywa na Carl Velten.

Kazi za mikono ni mlango mwingine. Karatasi anayoandikia mtoto iligunduliwa China, ikafika Baghdad katika karne ya 8. Jina la leso alilojifunga mama limetoka kwa Wareno. Ila kwa kazi za mikono kusema hakutoshi. Mpe mtoto ukili asuke mwenyewe. Vidole vikishindwa mstari wa kwanza, ulimi hupunguza kucheka kazi za watu. Chuoni kwetu twafanya hivyo Alhamisi baada ya Alasiri, na kila mwezi mama mmoja huja na kazi ya kwao. Mwezi huu ni zamu ya mama wa Kisukuma, naye atafundisha kusuka kikapu.