Bariadi hadi Mwanza kwa Wawili: Basi, Mchomoko au Gari la Kukodi?

Pamba ikishauzwa, wenye ndoa wengi wa Zagayu wana wiki chache tu kabla pesa haijaingia kwenye bati, ada na mbegu. Kama mmeamua kutenga kiasi mkalione ziwa, amueni kwanza usafiri, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Barabara yenyewe ni nzuri. Kutoka Zagayu hadi Bariadi ni vumbi, bodaboda au gari la abiria litawafikisha. Kuanzia Bariadi ni lami: kilomita 71.8 hadi Lamadi, kisha barabara kuu ya Musoma–Mwanza kupitia Nyashimo, Daraja la Simiyu, Magu na Kisesa. Bariadi hadi Mwanza ni kama kilomita 190. Mkitoka Lamadi ziwa liko kulia, kwa hiyo chagueni viti vya upande wa dereva wakati wa kwenda, na upande wa kondakta wakati wa kurudi. Kiti hicho hakina bei ya ziada.

Basi ndilo nafuu kuliko yote. LATRA ilipopanga nauli Desemba 2023, daraja la kawaida liliwekwa shilingi 48.47 kwa kilomita ya lami kwa kila abiria, na daraja la kati 67.84. Kwa daraja la kawaida, wawili kwenda na kurudi Bariadi–Mwanza hawafiki shilingi 37,000. Kwa daraja la kati wanakaribia 52,000. Safari ni ya saa chache mchana, siti pana haina thamani ya 15,000 hiyo. Ukitajiwa nauli ya juu kuliko hapo, uliza daraja la basi na udai tiketi yenye kiasi ulicholipa. Mpigadebe usimpe pesa mkononi, na begi dogo la magotini halilipiwi.

Mchomoko, yaani gari dogo la kuchangia, unajaa haraka na kuondoka haraka, ndiyo sifa yake. Kasoro zake ni kubwa zaidi: watu wanne nyuma, bei inayopanda jioni, na hakuna tiketi ya kudai chochote gari likiharibika njiani. Kwa kipande kifupi mkiwa mmechelewa, sawa. Kwa matembezi ya kutazama nchi mtaona mgongo wa abiria mwenzenu tu.

Gari la kukodi ndilo linalovutia, na ndilo lenye gharama zilizofichika. Tuseme mmiliki anataka 80,000 kwa siku. Siku tatu ni 240,000. Kwenda na kurudi kilomita 380, gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa kama lita 32, na petroli ikiwa 3,000 hiyo ni 96,000 nyingine. Bei halisi huangaliwa kwenye tangazo la EWURA la kila mwezi, maana ukomo hutofautiana wilaya kwa wilaya. Bado dereva ale na alale, gari lioshwe, na maegesho ya jijini yalipwe. Barabara ya Magu ina vijiji vingi vyenye kibao cha 50, na faini moja ya barabarani ni 30,000. Andikianeni kabla ya kuondoka nani analipa faini, nani anabadilisha tairi.

Halafu bima. Magari mengi ya mtaani yamekatiwa bima ya matumizi binafsi, siyo ya biashara. Ikitokea ajali mkiwa mmelikodi, kampuni inaweza kukataa kulipa. Omba uione hati ya bima hiyo. Mwenye gari akiguna, achana naye.

Gari linaanza kuwa na maana mkiwa jozi mbili au tatu za wanandoa mnaochangia, hasa kama mnataka kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, jirani na Lamadi. Huko huingii kwa miguu. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, lakini gari nalo lina ada yake, na VAT juu yake. Malipo hupita kwa namba ya kumbukumbu, siyo noti langoni. Ada ya gari ni ileile likibeba wawili au sita, kwa hiyo wawili peke yao wanaiona chungu.

Malazi: Lamadi gesti ni rahisi kuliko Mwanza. Nimepanga 25,000 Lamadi na 40,000 Mwanza kwa usiku. Kabla ya kulipa, fungua bomba, tazama chandarua kama hakina matundu, na uulize kama chai ya asubuhi imo. Mwanza, mabasi ya upande huu hushushia Nyamhongolo, mbali na katikati ya jiji. Pandeni daladala, teksi ya stendi itakula nauli yote mliyookoa.

Kisiwa cha Saanane kinastahili pesa: safari fupi ya boti kutoka Capri Point, miamba, pimbi, na jiji lote mbele yenu. Uliza kama bei uliyotajiwa ina kiingilio na boti vyote viwili, na nendeni Jumapili, wenye kuchangia boti ni wengi. Ukerewe ni pazuri lakini meli ya Nansio ni saa tatu hivi kila upande, na inadai usiku mwingine. Kwa safari fupi iacheni. Badala yake, pandeni daladala za kuelekea Sengerema, zinapita Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025.

Bei ya samaki iulizeni kabla hajaingia kwenye mafuta. Kuogelea ufukweni ni bure, lakini ziwa lina kichocho, na dawa na siku za kliniki si bure.

Toeni pesa kwa wakala mara moja, kiasi cha kutosha, kwa sababu kila kutoa kuna makato. Mwenye laki mbili apande basi, alale Lamadi usiku mmoja na Mwanza mmoja: nauli na vyumba ni kama 102,000, na 98,000 iliyobaki inatosha chakula, Saanane na bodaboda ya kuwarudisha Zagayu.