Jicho Likiuma Baada ya Upasuaji, Rudi Hospitalini, Usipitie Kemisti

Upasuaji wa mtoto wa jicho ni miongoni mwa aina salama zaidi za upasuaji. Daktari hutoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka nyingine bandia mahali pake, na wagonjwa wengi huanza kuona vizuri baada ya siku chache. Hata hivyo, wagonjwa wachache mno kati ya kila 1,000 hupata maambukizi ndani ya jicho. Hao wakichelewa kutibiwa, hata kwa siku moja, wanaweza kupofuka.

Mara nyingi dalili hujitokeza katika wiki 2 za kwanza. Jicho lililokuwa likipata nafuu huanza kuuma, huwa jekundu, kope huvimba na mwanga huumiza. Dalili kubwa zaidi ni kwamba mgonjwa aliyekuwa ameanza kuona huona ukungu tena.

Hapo ndipo wengi hukosea. Baadhi hununua matone kwenye kemisti au huazima chupa iliyobaki kwa jirani. Wengine huosha jicho kwa maji ya chumvi, dawa za mitishamba au maziwa ya mama. Wakati huo bakteria wanaendelea kuharibu jicho kwa ndani.

Kwa nini matone hayatoshi?

Sehemu kubwa ya ndani ya jicho imejaa ute usio na mishipa ya damu. Tembe unazomeza hazifiki huko kwa kiasi cha kutosha, na matone hutibu zaidi sehemu ya mbele. Kwa hivyo daktari huvuta majimaji kidogo kutoka ndani ya jicho ili yapimwe kwenye maabara, kisha hudunga antibiotiki humo humo. Zinazotumiwa sana ni vankomaisini na seftazidimu. Dawa zinazoweza kudungwa ndani ya jicho ni chache, hivyo bakteria wakiwa sugu kwa hizo, daktari hubaki na njia finyu za kuliokoa.

Usugu huanzia wapi?

Mara nyingi bakteria wanaoingia jichoni hutoka kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kawaida huishi hapo bila kumdhuru, hadi wapate nafasi ya kupenya kupitia mkato wa upasuaji.

Mfikirie mtu ambaye kila jicho likimwasha hununua matone ya antibiotiki, huyatumia siku 2, kisha huacha. Bakteria dhaifu hufa, nao waliostahimili dawa hubaki na kuzaana. Siku ya upasuaji ikifika, hao sugu ndio walio kwenye kope zake. Isitoshe, mara nyingi wekundu wa macho husababishwa na vumbi, mzio au virusi, na antibiotiki haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Madhara ya bakteria sugu machoni yalionekana nchini Marekani mwaka 2023, ingawa hayakutokana na upasuaji wa mtoto wa jicho. Maambukizi ya bakteria sugu yalihusishwa na matone ya machozi bandia yaliyochafuliwa. Watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa. Kati yao, 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 waliondolewa jicho na 4 walifariki.

Hospitalini, kinga muhimu ni kusafisha kope na jicho kwa dawa yenye iodini kabla ya mkato. Iodini huua hata bakteria waliokuwa sugu kwa antibiotiki. Kinga inayobaki inamhitaji mgonjwa na familia yake.

Mambo ya kuzingatia

• Kabla ya upasuaji, mweleze daktari ukiwa na usaha au uvimbe kwenye kope, na umtajie dawa zote za macho ulizotumia karibuni.

• Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuweka matone. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope.

• Tumia dawa uliyoandikiwa kwa siku zote ulizoambiwa. Usiigawie mtu mwingine, wala usiihifadhi kwa ajili ya siku nyingine.

• Usinunue antibiotiki bila maagizo ya daktari. Baadhi ya matone huchanganywa na steroidi, ambayo hupunguza wekundu huku ugonjwa ukiendelea.

• Usisugue jicho. Likinge dhidi ya vumbi, moshi na maji machafu.

• Hudhuria kliniki siku zote ulizopangiwa, hata kama unaona vizuri.

Jicho likianza kuuma au kuona kukipungua, usingoje tarehe ya kliniki wala kupambazuke. Nenda siku hiyo hiyo katika hospitali uliyofanyiwa upasuaji, ukiwa na kadi yako na dawa unazotumia. Ikiwa hospitali hiyo iko mbali, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe na useme mapema kwamba ulifanyiwa upasuaji wa jicho, ili upewe rufaa mara moja.