Wakili wa Askari na wa Raia: Ibra ya Chuka

Mwezi wa Juni 1953, katika zama za vita vya Mau Mau, askari wa kikosi cha tano cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliingia Chuka, katika wilaya ya Meru ya wakati ule, wakawaua watu wapatao 20 wasiokuwa na silaha, na miongoni mwao walikuwamo walinzi wa upande wa Serikali ya kikoloni yenyewe. Wala hapana aliyewasikiliza kabla ya kuwaua. Mkubwa wao, Gerald Griffiths, aliposhtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa mauaji ya tukio jingine, yeye alisikilizwa, akatetewa, na mwaka ule ule akaachiliwa.

Watu waliponung'unika, alishtakiwa upya kwa kuwatesa mahabusu, na tarehe 11 Machi 1954 akapatikana na hatia, akavuliwa cheo na kufungwa miaka 5. Ushahidi ulieleza kwamba alimwamuru askari mmoja kijana amhasi mahabusu, kijana akakataa. Akamwamuru amkate sikio, kijana akatii. Hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya mtetezi wa askari, kwa kuwa amri ya mkubwa haihalalishi jambo lililo haramu waziwazi, lakini umri, hofu na uzito wa nidhamu ya jeshi ni mambo ambayo mahakama haina budi kuyapima kabla ya kutoa adhabu.

Leo Kenya, kwa Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012, mahakama ya kijeshi huongozwa na hakimu au wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 10, akiketi pamoja na wanajeshi wasiopungua 5 ikiwa mshtakiwa ni afisa, au 3 ikiwa ni askari wa kawaida. Na asiyeridhika na hukumu hukata rufani Mahakama Kuu. Kwa hiyo wakili anayemtetea askari hana budi kuzijua kanuni za kambi kama anavyoijua Katiba, ambayo Ibara yake ya 50 inampa kila mshtakiwa haki ya kuchagua wakili, na ya kupewa mmoja kwa gharama ya Serikali pale ambapo bila yeye dhuluma kubwa ingetokea.

Wakili huyo huyo, akisimama Mahakama Kuu ya Meru au ya Embu kumtetea mkulima aliyeshtakiwa kwa kumuua jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba, hutumia mizani ile ile: huuliza ni nani aliyeona, kulikuwa na mwanga gani, maungamo yalipatikanaje, na daktari aliandika nini juu ya maiti. Si kazi yake kuusitiri uovu. Dhima ya kuthibitisha hatia ni ya mwendesha mashtaka, na shaka yoyote ya maana humfaa mshtakiwa.

Wako wanaomchukia wakili kwa kumtetea mtu wanayemdhania kuwa muuaji. Hao na wawakumbuke wafu wa Chuka, waliohukumiwa na bunduki pasipo shtaka wala utetezi. Haki aliyopewa afisa haikuwa kubwa kupita kiasi. Dhuluma ilikuwa kwamba wanavijiji walinyimwa, na kila wakili anayesimama kwa ajili ya maskini wa Tharaka, Mbeere au Igembe anawarejeshea watu wa nchi hii haki ile.